Picha Mia Nne za Kidimbwini

Habari kwamba mumewe amekamatwa kwenye majani ya kidimbwi, amelala kifudifudi na simu mkononi huku wanawake wakifua hatua kumi mbele yake, ilimkuta fundi cherehani akiwa na pini nne mdomoni. Hakuweza kujibu. Mteja aliyesimama mbele yake ndani ya gauni lenye mkono mmoja alisikia kila neno pamoja naye, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana mteja huyo alikuwa na mdomo usiolala hata mwenyewe akilala. Fundi alizitoa pini moja moja, akamwomba mteja avue taratibu asije akachomwa, kisha akamgeukia jirani aliyeleta habari na kuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia rangi ya uzi:

"Kakamatwa na nani?"

Alikuwa amekamatwa na Mama Mapacha. Basi swali la pili halikuwa na haja ya kuulizwa. Mama Mapacha alikuwa mwanamke wa haki, wa kwanza kufika penye msiba na wa mwisho kuondoka, ila haki yake haikuwa na sauti ya chini. Jambo akiliona asubuhi, mchana ni la mtaa mzima. Jirani alieleza kwamba kwa kuwa mabomba yalikauka tangu juzi, wanawake walishuka na mabeseni mapema kuliko kawaida, magauni wameyapandisha magotini, wanacheka na kusimuliana mambo yao. Mara Mama Mapacha akaona kwenye majani soli mbili za viatu zinatazama juu. Kwanza alidhani ni maiti. Ingekuwa nafuu.

Fundi alimkuta mumewe ameketi kwenye kizingiti cha mlango wao, ana nyasi kwenye nywele na tope kuanzia kifuani hadi magotini, mgongoni msafi kabisa, kama mkate uliopakwa siagi upande mmoja. Mtaa mzima ulimwita Mzee Posta, kwa kuwa miaka thelathini na moja alikuwa akipanga barua kwenye visanduku vya posta, na tangu astaafu alilinda lango la shule ya msingi. Njiani fundi alikuwa ameandaa maneno makali ya kutosha kumchana mtu vipande viwili. Mumewe alimtangulia.

"Wameichukua simu," alisema kwa huzuni. "Na leo nilimpata, Mama. Yule mdogo wa mabega mapana. Alikuwa ametulia kabisa."

Mwanamke mwingine angeelewa vibaya. Fundi alikuwa na miezi mitano ya kuishi na maneno ya namna hiyo. Yote yalianzia kwenye ubao wa matangazo wa shule, ambako watu wa chuo kikuu walibandika karatasi wakiomba mwananchi yeyote mwenye simu awapigie picha za wadudu wanaotembea juu ya maji katika vidimbwi vya mitaani, hasa wale wadogo kabisa, wenye ukubwa wa punje ya ufuta, ambao kila mtu huwadharau akidhani ni watoto wa wale wakubwa. Watu mia mbili waliisoma karatasi ile. Mmoja aliitii. Kila picha aliyotuma ilijibiwa na mtu asiyemfahamu, ambaye yeye alimwita Mtaalamu, na majibu hayo aliyasoma mezani kwa sauti, chai ikipoa: "Asante. Miguu ya nyuma haionekani." Au: "Asante. Huyu ni jani." Aliyasoma kama mtu anayesoma barua za mwanawe aliye mbali.

Fundi aliketi karibu naye, akamtaka aeleze tangu mwanzo. Ikawa hivi. Wadudu hao hukaa juu ya maji kama sindano inavyoweza kukaa ukiilaza kwa uangalifu. Sabuni ikiingia, ngozi ya maji hulegea nao huzama. Kwa hiyo lazima uwahi kabla ya wafuaji. Leo wafuaji wamemuwahi yeye. Aliwasikia wakija, naye tayari amemkaribia mdudu kiasi cha shibiri moja; akajipigia hesabu kwamba akiinuka mdudu ataondoka, lakini akitulia tuli wanawake watafua, wataanika, watakwenda zao, na hakuna atakayejua.

"Ungekohoa," fundi alisema.

"Ukikohoa wanakimbia."

"Wanawake?"

"Wadudu."

Fundi alimtoa nyasi moja kwenye nywele. Alikuwa ameolewa na mtu aliyekaa karibu saa nzima kwenye majani, akilichafua jina lake kwa hiari, ili asimsumbue mdudu.

*

Jioni ya siku hiyo hiyo barua ya mwalimu mkuu ilifika. Ilikuwa barua ya adabu, yenye "tunakuheshimu sana" mara mbili, na maana yake ilikuwa moja: mzee asisogee langoni mpaka kamati ya mtaa imsafishe kwa maandishi. Mlinzi wa shule hawezi kuwa mtu anayechungulia wanawake. Kamati ingekaa Jumamosi. Ikimwona ana hatia, lango limekwenda, na mtaa nao umekwenda, kwa sababu mtu aliyepewa jina lile hata akihama linamtangulia kufika.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko upande wa kitambaa usio na mwisho. Wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Wote walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba wana wifi anayejua kushona. Wa nne alitaka kushonewa, ila aliomba vipimo vichukuliwe barazani, si ndani, na alipokuwa akipimwa kifua alikuwa akitupia jicho dirishani. Fundi aliandika vipimo. Ndani, nyuma ya pazia, mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti akiwa ameupa mgongo mlango, ili mtu yeyote atakayechungulia aone kwamba hachungulii.

Fundi alimwamini mumewe. Lakini kumwamini mtu ni jambo moja, na picha mia nne ambazo hujaziona ni jambo jingine. Miezi yote ile yeye alisikiliza tu, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Hakuwahi kuishika ile simu. Ijumaa, walipokuwa wakichambua mboga, aliweka kisu chini.

"Baba watoto. Ndani ya ile simu kuna kitu ambacho sitaki kukiona mbele ya watu?"

Mzee alifikiri. Alimaliza fungu zima la mboga akiwa bado anafikiri.

"Kuna zile za mwezi wa pili," alisema hatimaye, ameinamisha kichwa. "Nyingi zimetikisika."

*

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa fundi baiskeli, na kamati ilikaa kwenye karakana yake, chini ya matairi yaliyoning'inia darini. Alikuwa mtu mzuri, mwadilifu, mfupi sana. Ili aonekane na walio nyuma alisimama juu ya kreti la vipuri, na mtaa mzima ulikuwa umezoea kutolitazama kreti hilo. Watu waliofika walikuwa arobaini na zaidi, wengi wao wanawake wa kidimbwini, na mbele kabisa Mama Mapacha, simu ya mzee ameifunga ndani ya kitambaa kama ushahidi wa mauaji.

Alisimulia aliyoyaona, na lazima isemwe kwamba hakuongeza chumvi. Kisha akaomba simu ifunguliwe mbele ya wote. Mzee alitoa namba ya siri bila ubishi: ilikuwa tarehe aliyoanza kazi posta. Mama Mapacha akaanza kupitisha picha kwa kidole, Mwenyekiti akichungulia kwa upande mmoja na wazee wawili wa kamati kwa upande wa pili. Maji. Maji. Maji na ukoka. Maji. Baada ya picha ya thelathini watu wa nyuma walianza kupiga miayo, na mmoja alisikika akisema kwamba kama huu ndio uchafu, basi ni uchafu wa kuoshea vyombo.

"Huyo mdudu yuko wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

Mzee aliinuka, akaonyesha. Mwenyekiti alisema hilo ni vumbi la kioo, akalipangusa kwa shati lake. Vumbi halikutoka. Walilikuza kwa vidole mpaka likawa doa, wakalikuza tena likawa doa kubwa. Kisha ikaja picha ambayo jua lilikuwa juu na maji maangavu, na chini kwenye mchanga vilionekana viduara sita vyeusi, vimepangana.

"Vichwa," alisema Mama Mapacha. "Watu sita wanaoga. Kapiga kutokea juu ya mti."

Karakana ikachangamka. Mzee alijaribu kueleza kwamba viduara vile ni vivuli vya nyayo za mdudu, kwa kuwa kila unyayo huibonyeza ngozi ya maji. Lakini alikuwa mtu wa posta. Alianza na "kwa mujibu wa maelekezo niliyopokea" na akaendelea hivyo hivyo, bila kituo, mpaka macho ya watu yakaanza kumtazama kama wanavyomtazama mtu anayejificha nyuma ya maneno. Kadiri alivyosema ukweli ndivyo ulivyozidi kunuka. Mmoja wa wazee alikuwa tayari ameuliza nani ana kalamu.

Fundi aliona kalamu ikitolewa. Akainuka, akatengeneza mkunjo wa gauni lake, akaenda mbele na kumwambia mumewe akae.

"Mnanijua," alisema. "Hapa hakuna hata mmoja ambaye sijawahi kumpima. Basi nisikilizeni kama mnavyonisikiliza dukani. Huyu mdudu ni nguo. Msiangalie rangi, angalieni mahali mikono iliposhonwa. Wale wakubwa mnaowaona wanateleza kidimbwini, miguu ya mbele imeshonwa juu huku karibu na shingo, halafu ya katikati na ya nyuma imebanwa pamoja chini huku, kama fundi alipitiwa na usingizi. Huyu mdogo sivyo. Miguu yake imegawanywa sawasawa, na mabega ndiyo mapana kuliko kiuno. Mtoto wa yule mkubwa anaweza kuwa na udogo kama huu, lakini mshono wake ni wa baba yake. Kwa hiyo ukimkuta mdogo usikimbilie kusema ni mtoto. Si kila mdogo ni mtoto. Kuna watu wazima kabisa, wana familia zao, ambao kimo chao kimeishia hapo hapo, na hawajapungukiwa na kitu."

Alipomaliza kulisema hilo ndipo alipogundua aliyesimama juu ya kreti pembeni yake. Watu wote waliangalia mahali pengine, popote pasipokuwa na kreti. Mwenyekiti alitazama matairi darini, akakohoa.

"Endelea, Fundi," alisema. "Hoja hii ni nzito."

Mama Mapacha hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. Alisema hayo yanaweza kuwa yamekaririwa nyumbani, na kwamba atamjaribu. Akaigeuza simu, akachagua picha yeye mwenyewe, akafunika kwa kiganja jibu la Mtaalamu lililoandikwa chini yake, na kumwonyesha fundi. Fundi akasema mkubwa. Kiganja kikaondolewa: mkubwa. Nyingine. Mtoto wa mkubwa. Kweli. Nyingine: mdogo mwenyewe, mabega hayo. Kweli. Ilipofika ya tano watu wa nyuma walikuwa wamesogea mbele na kuanza kubashiri, na wanawake wawili waligombana waziwazi kuhusu kiuno. Ya nane fundi alisema mdogo, na jibu likasomeka: "Asante. Hii ni mbegu ya nyasi." Kicheko kilitikisa matairi. Mzee Posta aliinama sikioni mwa aliye karibu naye akamnong'oneza kwamba hata Mtaalamu mwenyewe ile ilimchukua siku mbili.

Kwa raha ile ile ya mchezo Mama Mapacha alipitisha kidole mara moja zaidi, na kicheko kikamfia mdomoni.

Kwenye picha kulikuwa na mdudu, wazi kabisa, katikati. Na nyuma ya mdudu, juu ya jiwe lenye maji, kulikuwa na mguu wa mwanamke, kuanzia kifundoni hadi kisiginoni, hauna kiatu.

Simu ilipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyepiga mwayo. Fundi alimtazama mumewe akaona amebabaika. Akaona pia kwamba wanawake wote wa kidimbwini wanaitazama miguu yao, kila mmoja akijiuliza. Mwenyekiti aliuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, mguu huo ni wa nani.

Fundi aliiomba simu. Hakuhitaji kutazama mara mbili. Ilikuwa Jumapili moja, alikuwa ameteremka kidimbwini kumwita mumewe chai inapoa, amevua viatu ili avuke, ameshaanza kumfokea, na mumewe aliyelala kwenye majani akainua macho na kusema taratibu: "Usisogee. Kaa hivyo hivyo." Alikaa. Alikaa muda mrefu, jua la asubuhi usoni, akiwaza kwamba ni miaka mingi tangu mwanamume huyu amtazame namna ile. Hakumwambia mtu. Juma zima alishona akiimba. Sasa ndipo alipojua ni nani aliyekuwa akitazamwa.

Jambo jingine alilolijua ni kwamba katika mtaa huo hakuna mtu aliyewahi kuuona mguu wake. Fundi anayevisha watu hana budi kupendeza, naye alipendeza, ila visigino vyake vilipasuka tangu ujana, mafuta hayakusaidia, na kwa miaka yote hiyo alivaa viatu vya kufunika, kiangazi na masika. Alikaa kwenye benchi la karakana, akafungua kamba.

"Huu hapa," alisema, akaunyanyua mguu. "Linganisheni."

Hakuna aliyependa kuinama. Mwishowe aliinama Mama Mapacha, simu kwa mkono mmoja, akaiweka kando ya kisigino cha fundi, akafanya kazi ile kwa umakini ambao Mtaalamu mwenyewe angeusifu.

"Ufa wa kwanza upo," alisoma. "Wa pili upo. Wa tatu..." Akageuza simu kidogo. "Wa tatu unapinda kushoto, na hapa unapinda kushoto. Ni yeye. Ni mkewe." Kisha akabaki ameinama pale pale, akasema kwa sauti ambayo watu hawakujua kwamba anayo, sauti ya chini: "Mimi vyangu vina damu kabisa, Fundi. Navaa soksi ndani ya nyumba."

"Mimi pia," mtu alisema nyuma.

"Ni ile sabuni," akasema mwingine, na kwa muda mfupi kikao kilisahau kilichokikutanisha.

Mwenyekiti aliandika barua kwa mkono wake, amekaa juu ya kreti badala ya kusimama. Kamati haikumwona mzee na hatia yoyote. Lakini Mama Mapacha alisema haki ina pande mbili: mtu kutokuwa na hatia hakumfanyi asitishe watu, na yeye alidhani ameona maiti. Alitaka masharti. Mzee akiwa kidimbwini apige kelele kila baada ya muda, watu wajue yupo. Mzee alieleza, karibu kwa machozi, kwa nini hilo haliwezekani. Walibishana mpaka mmoja wa wazee akatoa ufumbuzi ambao uliandikwa chini ya barua na kupigwa muhuri: mzee asiende kidimbwini peke yake, siku zote aongozane na mkewe, naye mkewe akae mahali anapoonekana.

"Kwani mimi nimekosa nini?" fundi aliuliza, akifunga kamba za kiatu. Barua ilikuwa imekwisha kukunjwa.

*

Jumatatu mzee alirudi langoni na barua mfukoni. Jumanne, kabla ya saa za kazi, fundi alikuwa amelala kifudifudi kando ya kidimbwi juu ya gunia tupu, kitambaa chekundu kimefungwa kichwani ili aonekane, kifua chake kikinyonya umande wa nyasi. Aliapa kwamba hatafungua hata jicho. Amehukumiwa kuwapo, hakuhukumiwa kutazama.

Lakini maji yalikuwa pale pale, shibiri moja mbele ya pua yake, na jicho la fundi halijui kupumzika. Kilianza kusogea kitu karibu na unyasi, kidogo kuliko kichwa cha pini. Alikipuuza. Kikasogea tena. Alivuta shingo. Hakupumua.

"Mabega," alinong'ona. "Baba watoto, tazama mabega hayo. Kushoto, kwenye unyasi. Pole pole."

Mkono wa mzee ulitambaa juu ya nyasi ukiwa na simu, taratibu kama kivuli cha ukuta. Nyuma yao sauti za wanawake zilikuwa zikishuka kwenye njia, mabeseni yakigongana, kicheko cha Mama Mapacha kikiwa mbele ya vyote. Kilipofika ukingoni kilikatika. Fundi aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Mama Mapacha alikuwa amesimama na beseni kichwani, mguu mmoja ardhini na mwingine hewani, juu kidogo ya maji. Wenziwe wamejipanga nyuma yake kimya, mmoja amefumbata kipande cha sabuni kifuani kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kulipuka. Mama Mapacha alikuwa akiuliza kwa nyusi tu kama sasa anaweza kuushusha mguu.

Fundi alimwinulia kiganja. Bado.